Magugu Kwenye Viwanja vya Shule: Soma Dalili, Tafuta Chanzo, Kisha Ushike Jembe

Ukoka wenye afya hausukumwi na gugu. Gugu hukuta pengo, likaota. Ndiyo maana uwanja uliopaliliwa mwanzoni mwa muhula hurudi vilevile kabla muhula haujaisha: jembe limeondoa gugu, lakini kilichoua ukoka bado kipo palepale. Mwongozo huu unaenda kwa njia ya fundi, yaani kutazama kinachoonekana, kutafuta kinachokisababisha, ndipo kuchagua kama kazi ni ya jembe, mbolea, mchanga au dawa. Mara nyingi dawa huja mwisho, na mara nyingine haihitajiki kabisa. Hilo ni jambo kubwa mahali ambapo watoto huanguka, hulala chali na kushika mpira uliobingirika kwenye majani.

Anza kwa kuzunguka uwanja mzima ukiwa na bisibisi ndefu, kisu cha palizi na karatasi. Chora ramani ya uwanja na utie alama kila aina ya gugu ilipo, kwa sababu magugu ya golini si yale ya kona, na ya kona si yale yaliyo kando ya bomba la maji. Kisha, siku moja au mbili baada ya mvua, choma bisibisi ardhini kila baada ya hatua kumi. Ikizama sentimita 15 kwa nguvu ya mkono mmoja, udongo umelegea vya kutosha. Ikikwama kwenye sentimita 5, mizizi ya ukoka nayo imekwama hapohapo. Andika vipimo kwenye ramani. Utashangaa jinsi alama za udongo mgumu zinavyoangukia juu ya alama za magugu.

## Nyasi bapa yenye kitovu cheupe imetawala golini na katikati ya uwanja

Huyu ni ulezi mwitu, Eleusine indica, ndugu wa karibu wa ulezi unaolimwa. Ung'oe mmoja uugeuze: mashina yote yametoka kwenye kitovu kimoja, yamebanwa bapa kama yaliyopitiwa na gurudumu, na sehemu ya chini kabisa ni nyeupe inayong'aa, karibu rangi ya fedha. Ukikomaa hutoa vidole vichache vya mbegu vilivyotandazwa kama kiganja. Ukijaribu kuung'oa udongo ukiwa mkavu utabaki na majani mkononi tu.

Chanzo ni udongo ulioshindiliwa. Golini, miguu hutua mahali pamoja mamia ya mara kwa wiki. Hewa inabanwa ikaisha kwenye udongo, mizizi ya ukoka inafupika, na siku ya jua kali ukoka unakufa. Ulezi mwitu huvumilia udongo mgumu ambao ukoka umeushindwa. Kwa hiyo kuupalilia bila kulegeza ardhi ni kuuandalia kitanda upya.

Kazi yenyewe haitishi kama inavyodhaniwa. Eneo dogo la goli lina mita 18.32 kwa 5.5, yaani takriban mita za mraba 100. Watu wanne wenye uma za shamba wanalimaliza kwa siku moja.

1. Mwagilia vizuri jioni, kesho yake ng'oa ulezi mwitu pamoja na kitovu. Ulio na mbegu tia kwenye gunia, usiutupe kando ya mstari.
2. Bonyeza tonge la udongo. Likiviringika kama kamba bila kukatika, ardhi bado ina maji mengi. Subiri, kwani uma kwenye tope hushindilia zaidi.
3. Choma uma sentimita 10 hadi 15 kwenda chini, uuvute mpini nyuma kidogo ardhi inyanyuke, kisha uuchomoe. Rudia kila baada ya sentimita 10.
4. Mwaga mchanga safi wa mtoni, unene wa milimita 5, na uusukume uingie kwenye matundu kwa ufagio mgumu. Milimita 5 juu ya mita za mraba 100 ni nusu mita ya ujazo.
5. Panda vipande vya ukoka vyenye vifundo 2 au 3, mistari ikiachana sentimita 15 hadi 20, ncha zikibaki juu. Shindilia kwa mguu na umwagilie kila siku kwa wiki mbili za mwanzo.

Kosa la kawaida liko kwenye hatua ya nne. Mchanga ukimwagwa juu ya mfinyanzi usiotobolewa hukaa kama mkeka: maji yanasimama chini yake na mizizi haivuki. Na mchanga kidogo ukilimwa pamoja na mfinyanzi hukauka ukawa kama tofali. Kama matundu hayajachimbwa, mchanga uache kwenye lundo.

Wakati wa joto ukoka huziba pengo kwa wiki 6 hadi 8, mradi watu wasipite. Hapo ndipo kazi nyingi hufa, kwa sababu mwalimu wa michezo anahitaji uwanja wiki ya tatu. Dawa ya hilo ni kuhamisha magoli: cheza kwa upana wa uwanja kwa muda, au sogeza mistari mita kadhaa. Lakini goli la kuhamishika lisilofungwa chini huanguka, na magoli ya namna hiyo yameshaua watoto. Kila linapohamishwa, lifungwe kwa vigingi au magunia mazito ya mchanga kwenye mhimili wa nyuma kabla mtoto yeyote hajaligusa.

## Majani yaliyosimama wima juu ya nyasi siku mbili tu baada ya kukata

Viringisha shina katikati ya vidole. Ukihisi pembe tatu, hiyo ni ndago, na nyasi za kweli hazina shina la namna hiyo.

Chimba mche mmoja polepole kwa uma bila kuuvuta. Chini ya shina utaona uvimbe mdogo, na kutoka hapo uzi mwembamba mgumu unaokimbia pembeni. Ufuate kwa kidole. Sentimita chache mbele kuna kiazi cheusi cha ukubwa wa punje ya karanga, kisha uzi tena, kisha kiazi kingine, kama shanga zilizotungwa. Hiyo ni Cyperus rotundus. Mche wa mbele ukiwa hai, viazi vingi vya nyuma hulala. Ukivuta majani kwa haraka, uzi unakatika, na kila kiazi kilichokuwa kimelala kinaamka. Hivyo ndivyo palizi ya kuvuta inavyogeuza mche mmoja kuwa minne. Ukikuta viazi vya rangi ya kahawia hafifu, kimoja kimoja kwenye ncha za nyuzi bila kutungwa, hiyo ni ndago ya aina nyingine, Cyperus esculentus, na hatua ni zilezile.

Tafuta maji kwanza. Ndago inaweza kuvumilia ukame, lakini inapojaa sehemu moja tu ya uwanja karibu kila mara pana bomba linalovuja, bonde ambapo maji hutuama, au mtu anayemwagilia kidogo kidogo kila siku. Rekebisha bomba, toboa au jaza bonde, na umwagilie kwa wingi mara moja au mbili kwa wiki badala ya vikombe vya kila jioni. Weka makopo matano yaliyo wazi uwanjani wakati wa kumwagilia, kisha pima kina cha maji yaliyoingia. Milimita 25 kwa wiki, pamoja na mvua, zinautosha ukoka mahali pengi.

Kisha ondoa ndago yenyewe. Kipande kidogo kichimbwe hadi sentimita 20, kwa kuwa viazi vingi hukaa kwenye sentimita 15 za juu. Chekecha udongo na utoe viazi. Wakati wa kiangazi, kuuacha udongo uliogeuzwa uanikwe juani kwa siku kadhaa huua vingi zaidi, kwa sababu kiazi cha ndago hakivumilii kukauka. Eneo kubwa lisilochimbika likatwe usawa wa ardhi kila siku 14 bila kukosa. Mche huanza kutengeneza viazi vipya wiki chache tu baada ya kuota. Ukiukata kabla ya hapo kila mara, unatumia akiba yake hadi iishe. Ukiruka mwezi mmoja wa likizo, umeirudisha yote.

Kwenye ukoka, kiuagugu cha halosulfuroni huua ndago na kuacha nyasi. Pulizia miche ikiwa na majani 3 hadi 8, usikate nyasi siku mbili kabla na siku mbili baada, na changanya kilainishi kisicho na chaji (kiowevu cha kuifanya dawa ing'ang'anie jani) mililita 2.5 kwa kila lita ya maji, la sivyo matone yatateleza kwenye jani lenye nta. Panga awamu ya pili wiki 6 hadi 10 baadaye, maana kuna viazi vilivyokuwa vimelala. Usitegemee plastiki nyeusi: ncha ya ndago ni kali na huitoboa.

## Klova na majani mapana yametapakaa kila mahali, ukoka umekuwa mwembamba na njano

Hapa uwanja una njaa. Klova na jamii yote ya kunde hujitengenezea naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi, kwa hiyo udongo uliochoka hauzisumbui. Ukoka hauna uwezo huo. Angalia pia alama ya mashine: kama nyasi zimekatwa hadi udongo unaonekana, una makosa mawili yanayosaidiana.

Kiwango cha kuanzia ni gramu 4 za naitrojeni kwa mita ya mraba. Kwa yurea yenye naitrojeni asilimia 46 hiyo ni kama gramu 9 kwa mita ya mraba. Kwa uwanja wa mita 105 kwa 68, ambao ni mita za mraba 7,140, ni kilo 62. Kwa mbolea ya CAN yenye naitrojeni asilimia 26 ni kama gramu 15, yaani kilo 110. Igawe mbolea mara mbili, nusu ukitembea kwa urefu na nusu kwa upana, vinginevyo uwanja utapata mistari ya kijani na njano inayoonekana kwa miezi. Mwaga majani yakiwa makavu, kisha mwagilia milimita 10 siku hiyohiyo: yurea iliyoachwa juu hupotea hewani, na ikigusa majani yenye maji huyaunguza. Rudia baada ya wiki 4 hadi 6 nyasi zikiwa bado zinakua.

Kuhusu kukata, kwa uwanja wa shule usiokuwa na mtunzaji wa kila siku urefu wa milimita 30 unafaa. Kata nyasi zikifika 45, ili usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Kivuli cha nyasi ndicho kinachozuia mbegu nyingi za magugu zisiote, kwani nyingi zinahitaji mwanga. Kukata chini sana "ili kudumu muda mrefu" ni kuziwashia taa. Noa visu pia. Ncha za nyasi zikiwa zimechanika na kuwa nyeupe, kisu kimekuwa butu.

Majani mapana yaliyobaki baada ya ukoka kushiba ni kazi ya kiuagugu cha 2,4-D au mchanganyiko wake na kingine kiitwacho dikamba. Dikamba husafiri kwenye udongo na huchukuliwa na mizizi ya miti, kwa hiyo isipuliziwe chini ya matawi ya miti ya kivuli.

## Magugu mageni yametokea wiki chache baada ya kuleta udongo au samadi

Yamekuja na lori. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai, na udongo wa kununua mara nyingi hutoka kwenye mashamba yenye ndago. Kabla ya kupokea mzigo, chukua sampuli sehemu tano za lundo, jaza trei, mwagilia na uiweke penye joto kwa wiki 3. Kinachoota hapo ndicho kitakachoota uwanjani.

Samadi iwe imeoza kwa joto. Lundo linatakiwa kufika nyuzi 55 au zaidi na kugeuzwa mara tano hivi ndani ya siku 15, nje iende ndani. Usipokuwa na kipimajoto, choma nondo katikati ya lundo kwa dakika kumi. Ukiweza kuishika kwa starehe, mbegu bado ziko hai. Mlango mwingine ni mashine ya kukata nyasi inayozunguka shule hadi shule. Ifagiwe chini na kwenye mfuko kabla haijaingia uwanjani. Ni kazi ya dakika kumi inayookoa misimu.

## Watoto wanarudi na miba miguuni, mipira inatoboka

Mbigili, Tribulus terrestris, hutambaa kutoka kwenye mzizi mmoja na kutoa maua madogo ya njano. Tunda lake hupasuka vipande vyenye miiba inayotazama juu. Unaupenda udongo mkavu, mgumu na mtupu: kando ya mstari, nyuma ya goli, njia ya mkato. Kukata matawi hakusaidii. Tafuta kitovu, kata mzizi kwa jembe sentimita 2 au 3 chini ya ardhi, na mmea hautarudi. Fanya hivyo ukiwa bado na maua tu. Ukiwa na matunda, hata mabichi, beba mmea wote kwenye gunia, kisha buruta zulia kuukuu au gunia zito juu ya eneo hilo mara kadhaa. Miba hujichoma humo na kutoka nayo. Mbegu hukaa ardhini miaka kadhaa, kwa hiyo eneo hilo libaki kwenye ratiba ya ukaguzi wa kila wiki 3, na lipandwe ukoka.

Kishona nguo ni rahisi zaidi: hauna mzizi mkubwa wala wa kudumu, hung'oka kwa mkono, na ukiwahiwa kabla mbegu hazijawa nyeusi vita vimeisha hapo. Kifauongo ni mgumu. Mzizi wake ni kama kamba ya mti na mashine inapoupitia hulala chini ukapona. Uchimbwe ardhi ikiwa na unyevu, kwa glavu nene.

## Dawa imepigwa, magugu hayajafa

Kwanza hesabu siku. 2,4-D hupindisha majani ndani ya siku moja au mbili. Glaifosati, kiuagugu kinachoua nyasi na majani mapana pamoja, huonyesha njano baada ya siku 4 hadi 7 kwa magugu ya msimu, na hadi wiki 2 kwa yale ya kudumu. Wengi hurudia dozi siku ya tatu bila sababu, au hulima na kuikatia dawa njia kabla haijafika mizizini.

Siku zikiwa zimepita, angalia maji. Glaifosati hunaswa na chembe za udongo. Weka sarafu chini ya ndoo ya maji, usipoiona, usichanganye. Vumbi jingi kwenye majani hufanya kazi ileile mbaya, hivyo uwanja wa vumbi unyunyiziwe maji siku moja kabla. Maji ya kisima yenye chumvichumvi, yanayokataa kutoa povu la sabuni, hufunga glaifosati pia. Yeyusha salfeti ya amonia gramu 20 kwa lita kwanza, ndipo utie dawa. Mvua ndani ya saa 6 ni sababu nyingine, na gugu lililonyauka kwa kiu ni nyingine: jani lisilofanya kazi halipeleki kitu mizizini.

Chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote ni kipimo. "Vifuniko viwili kwa bomba" si kipimo, kwa sababu kila mtu hutembea kwa mwendo wake. Pima hivi: tia lita 5 za maji safi kwenye bomba la mgongoni, puliza eneo dogo la goli, zile mita za mraba 100, kwa mwendo wako wa kawaida, pua ya bomba ikiwa sentimita 50 juu ya nyasi. Pima maji yaliyobaki. Tuseme zimebaki lita 2: umetumia 3 kwa mita za mraba 100, basi bomba la lita 15 linafunika mita za mraba 500. Lebo ikisema lita 2 za dawa kwa hekta, yaani kwa mita za mraba 10,000, kila bomba linachukua mililita 100. Uwanja mzima utataka mabomba 14 na kidogo. Kila anayepuliza ajipimie mwenyewe, na pua iliyochakaa ibadilishwe. Tumia pua inayotoa feni bapa. Ile ya koni inayotoa ukungu ni ya wadudu, na matone yake madogo hupeperuka.

Kama yote yako sawa na ulezi mwitu peke yake umesimama kijani katikati ya magugu yaliyokauka, fikiria usugu. Ulezi mwitu usiokufa kwa glaifosati ulithibitishwa Malaysia tangu 1997 na baadaye nchi nyingine nyingi. Kuongeza dozi ni kuchuja ulio sugu zaidi. Ung'oe kwa mkono kabla haujatoa mbegu, kisha badilisha aina ya dawa msimu unaofuata.

## Gugu limekufa na ukoka nao umekufa

Glaifosati haichagui. Kwenye uwanja hufaa kwa kupaka tu: sifongo kwenye fimbo, au brashi, sehemu 1 ya dawa ya gramu 360 kwa lita na sehemu 2 za maji, ikigusa vichaka virefu vilivyosimama juu ya ukoka. Sifongo isidondoke. Nyayo za njano zilizopangwa kutoka mahali palipopuliziwa ni buti za mpulizaji zilizokanyaga majani yenye dawa ambayo haijakauka.

Njano hafifu baada ya 2,4-D kwa kawaida hupona, isipokuwa ukoka ulikuwa mchanga. Ukoka mpya ukatwe mara 3 au 4 kwanza. Joto likizidi nyuzi 30, ahirisha.

Na kama mboga za bustani ya shule zimejikunja, majani ya nyanya yamekuwa kama vidole vilivyopinda, kuna njia mbili: upepo, au bomba lililotumika kwa 2,4-D kisha likapuliza mboga. Masalia kidogo sana yanatosha kuharibu nyanya. Shule iwe na bomba la magugu lililopakwa rangi na lisilofanya kazi nyingine. Likilazimika kusafishwa, lisuuzwe mara tatu, lilazwe na maji yenye amonia ya nyumbani mililita 10 kwa lita hadi asubuhi, mipira na pua zikiwemo, kisha lisuuzwe tena.

## Njia, uzio na shimo la kuruka

Nyufa za sakafu zimwagiwe maji yanayochemka, watoto wakiwa darasani. Rudia baada ya wiki 2. Siki huunguza majani tu. Oili chafu, chumvi na maji ya betri visitumike popote: hubaki ardhini, husafiri na mvua hadi kwenye nyasi na kisimani, na huchafua udongo ambao watoto wanauchezea. Shimo la kuruka lichakurwe kwa reki kina cha sentimita 10 kila wiki, na lifunikwe likizo. Mchanga unaochakurwa hauoti.

## Mimea isiyosubiri ratiba

Kuna mitatu inayoondolewa siku ileile inapoonekana. Mnanaha, wenye ua jeupe la tarumbeta na tunda la miiba, una sumu kuanzia mzizi hadi mbegu. Mbarika hupendwa na watoto kwa mbegu zake zenye madoa mazuri, na mbegu zikitafunwa zinaweza kuua. Gugu karoti husababisha vipele na kuamsha pumu. Ling'olewe kabla ya maua, kwa glavu, mikono mirefu na barakoa. Kazi hii isipewe wanafunzi, na hata kuwaadhibu kwa palizi mahali penye mimea hii ni kuwahatarisha.

Kuhusu dawa, msimamo wetu ni mkali. Kiuagugu cha parakwati kisiingie shuleni kabisa: funda moja linaweza kuua mtu mzima na hakuna dawa ya kutibu sumu yake. Dawa zisihamishiwe kwenye chupa za soda hata kwa saa moja. Puliza mwanzoni mwa likizo, asubuhi yenye upepo mwepesi, weka alama za kuzuia kupita, na usifungue uwanja kabla ya muda wa lebo. Lebo ikinyamaza, siku 2 kamili. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji ya suuza yarudi kwenye bomba, kisha itobolewe isije ikawa ya maji ya kunywa.

## Uwanja ulikuwa safi, mvua ya kwanza imeurudisha nyuma

Hizo ni mbegu za miaka iliyopita, na ni dalili ya kawaida mwaka wa kwanza. Nenda uwanjani siku ya 10 hadi 14 baada ya mvua ya kwanza kubwa, siku yenye jua na ardhi imeanza kukauka juu. Miche ikiwa na majani mawili, kukwaruza kwa reki au jembe kwenye sehemu tupu kunaiua yote kwa nusu siku. Wiki nne baadaye kazi ileile ni ya wiki nzima.

Kiuagugu cha kabla ya kuota, kama pendimethalini, hupigwa kabla ya mvua hiyo na kuhitaji milimita 10 hadi 15 za maji kukiingiza kwenye udongo wa juu. Kikichelewa hadi miche imeota, hakifanyi kitu. Na hakichagui mbegu: palipopigwa usipande nyasi kwa miezi 3 hadi 4. Kwa hiyo mapengo yanayosubiri ukoka yaache nje ya dawa hiyo, yatie alama kwenye ile ramani ya mwanzo, na wiki hiyohiyo ya mvua yapandwe vipande vya ukoka.